Handibreki ya gari la mlimani

Jana nimeshinda chini ya gari na leo mikono bado inanuka grisi. Nimebadilisha shuu za handibreki, yaani vile vyuma vilivyopinda vinavyotanuka na kukamata gurudumu, magurudumu yote mawili ya nyuma, pamoja na springi, pini na ajasta zake (vyuma vya kuwasogeza shuu karibu au mbali). Gari ni Subaru Forester ya mwaka 2003, umbo la SG5, otomatiki, iliyotoka Japani ikiwa mtumba kama gari nyingi za mtaani kwetu. Tunakaa Isamilo, Mwanza, na huku kupata mahali tambarare pa kuegesha ni bahati.

Mwanza kila mwenye gari ana jiwe lake. Unafika, unaweka P, gia ya kuegesha, abiria anashuka mbio na kusukumia jiwe nyuma ya tairi. Silidharau jiwe, hata mimi ninalo. Kinachonisumbua ni kwamba jiwe na P vimechukua kazi ya handibreki mpaka wengi wetu tumesahau kama ile lever katikati ya viti ina kazi. Na barabara yetu inateremka moja kwa moja hadi kwenye bomba ambako watoto wanachota maji jioni. Nikiegesha pale juu, gari la karibu kilo 1,400 linawaelekea wao. Sipendi usalama wao utegemee jiwe ambalo mtu yeyote anaweza kuliokota akajengee mafiga.

P yenyewe si breki. Ndani ya gia boksi kuna gurudumu la meno na kidole kidogo cha chuma kinachoingia kati ya meno hayo na kulizuia lisizunguke. Ukiegesha mlimani kwa P peke yake, uzito wote unaegemea kidole hicho, ndiyo maana asubuhi ukitoa gia unasikia gari linaruka na kugonga. Utaratibu mzuri ni huu: kanyaga breki, weka N (gia huru), vuta handibreki, achia mguu taratibu ili gari likae kwenye handibreki, kisha ndipo uingize P. Ukifanya hivyo asubuhi gia inatoka laini. Lakini handibreki yangu ilikuwa inapanda hadi juu kabisa na gari bado linateleza.

Kwenye Forester yenye diski nyuma, handibreki haihusiani na pedi wala mafuta ya breki. Katikati ya diski kuna uwazi, na uwazi huo ni dramu ndogo yenye kipenyo cha milimita 170. Ndani yake wamo shuu wawili wanaotanuliwa na kebo. Ni mfumo unaojitegemea, ndiyo maana paipu ya mafuta ikipasuka bado unabaki na kitu cha kushika mkononi. Kwa kuwa shuu hawasuguani gari likitembea, ni nadra kuisha. Wanakufa kwa kutu, kwa vumbi, kwa kuachwa bila kutumika, au kwa dereva kuondoka na handibreki ikiwa imevutwa.

Ndivyo nilivyokuta. Shuu mpya ana laining, yaani ule utando wa kusugua uliogandishwa kwenye chuma chake, ya milimita 3.2 na anatakiwa atolewe ikifika 1.5. Wa kwangu hawakuwa wamefika huko. Upande wa kushoto laining ilikuwa imebanduka kwenye chuma chake, imebaki inaning'inia kwa sehemu ndogo. Upande wa kulia unene ulikuwepo, ila uso umeng'aa kama kioo, haukamati. Springi moja ndoano yake ilikuwa imeliwa na kutu mpaka imebaki nyembamba sana. Kipande cha springi kikikatika mle ndani kinaweza kujibana kati ya shuu na dramu gurudumu likiwa linazunguka, na hapo unazungumzia gurudumu kujifunga barabarani.

Jambo lililoniuma zaidi lilikuwa kebo. Nati yake, ile iliyo chini ya lever, ilikuwa imekazwa hadi mwisho wa nyuzi. Kila gari hili lilipopelekwa gereji kwa shida ya handibreki, dawa ilikuwa hiyo hiyo: kaza kebo. Hakuna aliyefungua tairi kuangalia shuu. Kebo ikikazwa kupita kiasi, inamvuta shuu nusu nusu muda wote, ajasta haipimiki tena, na siku mvutano wa kukaza ukiisha hakuna kilichobaki. Kwa hiyo kazi inaanzia ndani ya gari: legeza nati ya kebo kwanza, halafu ndipo ushike jeki.

Spea niliagiza Dar, Kariakoo, zikaja kwa basi kama kifurushi. Muuzaji alinishangaa nilipotaka springi na pini pia. "Dada, springi hazibadilishwagi, hizo za maisha." Nikamwomba aniwekee tu. Miaka ishirini ya joto na maji inatosha kuchosha springi yoyote, na bei yake ukilinganisha na shuu ni ndogo.

Kwangu hapafai kunyanyua gari, kwa hiyo niliomba sakafu ya zege ya jirani yetu. "Shikamoo mzee, naomba uwanja wako kutwa." "Marahaba mwanangu, ingiza tu." Hapa kuna jambo la kuzingatia sana: unapotengeneza handibreki, handibreki huna. Magurudumu ya mbele niliyakinga kwa magogo pande zote mbili, na baada ya jeki nikaweka stendi za chuma. Chini ya gari linaloshikiliwa na jeki tupu siingii, na mtoto wa dada yangu aliyekuwa ananishikia tochi nilimwambia hivyo kabla hajauliza.

Vumbi la ndani ya dramu halipulizwi. Laining za zamani nyingine zilikuwa na asbesto, na kwa macho huwezi kujua ipi inayo. Tulivaa barakoa, nikalilowesha kwa maji ya sabuni na kulifuta kwa matambara yaliyokwenda moja kwa moja kwenye mfuko wa kutupa.

Kalipa, ile inayoshika pedi za breki ya mguu, ukiifungua ifunge kwa waya kwenye springi ya shokomzoba, isining'inie kwa paipu yake. Diski nayo inaweza kugoma. Wengi wanapiga nyundo, na nyundo hiyo inaipata beringi. Diski ya Subaru ina matundu mawili yenye nyuzi, ya boliti za milimita 8. Unazikaza kwa zamu, kidogo huku kidogo kule, nayo inajisukuma yenyewe. Ikiwa shuu ndio wanaoikamata, nyuma ya bamba la chuma linalowabeba kuna kizibo cha mpira. Ukikitoa unaifikia ajasta kwa bisibisi na kuwalegeza.

Nilifungua upande mmoja tu kwa wakati, ule mwingine ukiwa mzima ili niutazame. "Mamdogo, hii ndefu inakaa wapi?" Tunakwenda kuchungulia upande wa pili, tunarudi. Ajasta za kushoto na kulia zinaelekea tofauti, kwa hiyo ukizifungua zote pamoja na kuzichanganya unajitafutia kazi. Sehemu ngumu ni zile springi mbili za juu. Plaizi ya kawaida inateleza, na ikiteleza springi inaruka usawa wa uso. Miwani ni lazima. Bamba la nyuma nililisugua kwa brashi ya waya na kupaka grisi ya joto kali, kidogo sana, pale tu chuma kinaposuguana na chuma. Laining haitakiwi kuguswa hata na kidole chenye mafuta.

Kurekebisha ndiko kunakotaka utulivu. Diski ikisharudi, unazungusha ajasta hadi diski isizunguke kabisa, kisha unairudisha meno 3 au 4. Pande zote mbili sawa. Baada ya hapo tu ndipo unagusa nati ya kebo, mpaka lever ivutwe kwa nguvu ya kama kilo 20 na kusimama kwenye mlio wa 7 au wa 8, ile "ka ka ka" unayoisikia lever ikipanda.

Jioni nilikwenda barabara iliyo tupu kuwazoesha shuu wapya: mwendo wa kilomita 35 kwa saa, kitufe cha lever kimebonyezwa, unaivuta taratibu kwa mita 200 hivi, halafu unaacha vipoe dakika 5 hadi 10 na kurudia. Nyuma hakuna gari, hilo kwanza, maana handibreki haiwashi taa za breki. Kisha nikarekebisha tena, kwa sababu laining mpya hujikalia.

Usiku nilisimama mlimani kwetu, gia N, mguu juu, lever kwenye mlio wa 7. Gari halikusogea hata kidogo. Nilikaa mle ndani nikifurahi peke yangu.

Imebaki kebo ya kulia. Ganda lake limepasuka karibu na gurudumu na maji yataingia masika, kwa hiyo nimeshaiagiza. Na mzee mwenye zege naye anataka niangalie Hilux yake. Ile ni dramu tupu nyuma, shuu hao hao ndio breki ya mguu na ya mkono, kwa hiyo tutaanza na kupima wamebaki na unene gani.