Sikio langu la kushoto na maji ya ziwa Kivu

Nikisema niliumia kwa kuruka majini, watu wananitazama shingo. Wengine wanakumbuka Greg Louganis, yule Mmarekani aliyejigonga kichwa kwenye ubao wa mita 3 kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, akashonwa nyuzi, kisha akachukua dhahabu. Mimi sikugonga kitu chochote. Maji tu ndiyo yaliyonipiga.

Sisi vijana wa Bukavu tunaruka kutoka ukuta wa mawe kando ya ziwa, upande wa Muhumba. Ni kama mita 3 hivi, na ukitoka hapo unafika majini kwa mwendo unaopita kilomita 25 kwa saa. Siku hiyo nilitaka kujipindua hewani, nikachelewa kujinyoosha, nikaanguka kwa ubavu wa kichwa. Sikio ndilo lililotangulia. Nilisikia kishindo cha kofi, halafu filimbi nyembamba, halafu ziwa lote likaanza kuzunguka. Sikujua tena juu ni wapi. Mdogo wangu ndiye aliyenivuta hadi kwenye mawe, akapiga kelele: «Yaya, unatoka damu mu sikio!»

Kile kizunguzungu ndicho kilichonitisha kuliko damu. Docta alinieleza baadaye kwamba kiwambo cha sikio kilikuwa kimetoboka, na maji ya ziwa, ambayo ni baridi kuliko mwili, yakapita kwenye tundu yakachokoza sehemu inayotupa usawa. Ingekuwa niko peke yangu, sijui.

Nyumbani mama alikuwa ameshapasha mafuta ya mawese na kitunguu saumu. Papa akasema twende kwanza kwa docta, na hapo ndipo sikio langu lilipookoka. Docta alichungulia kwa taa ndogo, akatikisa kichwa. Kisha akapiga chuma chenye meno mawili kikavuma, akakisimamisha katikati ya paji langu la uso, akauliza nasikia upande gani. Nikajibu kwa woga: kushoto, upande ule ule mbovu. Akacheka. Alisema mshipa wa ndani ukiwa umeharibika, sauti hukimbilia sikio zima; kwangu ulioumia ni mlango tu.

Dawa yake ilikuwa kutotia kitu. Si maji, si mafuta, si matone ya kununua barabarani, maana mengine yakipita kwenye tundu yanaweza kuua usikivu kabisa. Nikioga, pamba iliyopakwa vazelini. Kupenga kamasi kwa nguvu, hapana. Kupiga chafya, mdomo wazi. Ilikuwa majira ya mvua, na mvua ya Bukavu mnaijua. Nilipanda mitaa na mfuko wa plastiki umefungwa kichwani, watoto wakinicheka kila kona. Usiku ile filimbi ilinikosesha usingizi, na kwenye kelele za soko nilikuwa nageuza kichwa kama kuku ili nisikie bei. Baada ya wiki 6 docta akachungulia tena: tundu limejifunga lenyewe.

Nilirudi ziwani polepole. Kwanza nilizamisha kichwa tu pale penye mawe, nikingoja dunia izunguke. Haikuzunguka. Sasa nikiruka nanyoosha mikono juu, nabana masikio kwa mabega, viganja vimekaa bapa vikitazama maji, vile wanavyofanya warukaji wa mashindano kwenye jukwaa la mita 10, ambako wanaingia kwa karibu kilomita 50 kwa saa. Viganja hivyo vinafungua njia ili kichwa kipite, lakini ndivyo vinavyolipa: wanaume na wanawake wa mchezo ule wanaugua vifundo vya mikono, mabega, na kiuno kwa kujipinda nyuma. Kifundo changu cha mkono wa kulia kimeshaanza kulalamika, nakizungushia bande kabla ya kupanda ukutani.

Mama yeye bado anashikilia kwamba kwa mafuta yake ningepona kwa wiki 2.