Siku moja kazini: afisa mipango miji na kona ya mita tatu

Wengi wanatufahamu siku tunayofika na futi kamba na kopo la rangi. Wakituona tunapima ukuta, wanajua ukuta umekwisha. Kazi yenyewe huanza mapema zaidi, na sehemu kubwa yake iko chini ya ardhi. Nawaandikia siku yangu ya jana ilivyokuwa.

Saa 11 alfajiri. Tunafungua chemba za maji taka kabla magari hayajajaa barabarani. Fundi anashusha fito ya kupimia, anataja kina, naandika. Maji taka hayasukumwi, yanateremka yenyewe. Bomba la milimita 150 kwa kawaida hulazwa likishuka kama sentimita moja kwa kila mita. Mteremko ukipungua mno, maji hupita na kuacha uchafu nyuma, na siku moja chemba inafurika mlangoni mwa mtu. Ndiyo maana sentimita mbili tatu zinanifanya nimrudishe fundi shimoni akapime tena.

Saa 2 niko ofisini: barua, vibali, simu.

Saa 3 na nusu, kikao na wahandisi wa maji, umeme na barabara. Palipokuwa na nyumba ya familia moja sasa panaombewa ghorofa nane, na bomba ni lile lile la zamani. Nilisimamia jambo moja: tukishafukua, tulaze bomba kubwa. Kwa mteremko ule ule, bomba la milimita 200 linapitisha takriban mara sita ya lile la milimita 100. Kinachogharimu zaidi ni kufukua barabara mara ya pili. Walikubali, nikatoka nimefurahi sana.

Saa 5 nikaenda kwenye kitalu tunachokipanga upya. Nyumba zimebanana, na njia ya katikati haipitishi hata gari la wagonjwa. UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, linashauri angalau asilimia 30 ya ardhi ya mji iwe ya barabara. Hapa hatufiki hata nusu yake. Basi kila mwenye kiwanja anamega kipande, vipande vinaunganishwa kuwa barabara na mitaro, kisha mipaka inachorwa upya. Si jambo geni. Frankfurt, kule Ujerumani, ilipata sheria yake ya namna hii mwaka 1902, na Japani imepanga sehemu kubwa ya miji yake hivyo. Karibu wote wameshasaini. Amebaki mzee mwenye kiwanja cha kona.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Umekuja kuchukua kona yangu."

Tunachomwomba ni pembetatu ya mita tatu kwa tatu, yaani mita za mraba nne na nusu. Akataka nipime tena, kwa futi yake, si kwa mashine yetu. Tukapima. Akauliza kwa nini jirani wa ng'ambo anatoa kidogo. Nikamfungulia ramani aone kuwa ukuta wa jirani umerudi nyuma tangu zamani. Akampigia simu mwanawe, naye akaniuliza yale yale tangu mwanzo. Tukangoja mjukuu alete karatasi ya mauziano. Ilipokuja, mpaka ulitajwa kuwa ni mti, na mti wenyewe haupo tena. Jua lilikuwa la utosi, na bado nilitakiwa kujibu kila swali kana kwamba ndiyo mara ya kwanza naulizwa.

Mwishowe nikachukua chaki. Gari la zimamoto lina upana wa kama mita mbili na nusu, na likikata kona, tairi la nyuma hupita ndani zaidi kuliko la mbele. Nikachora njia ya tairi la nyuma. Mstari ukaingia moja kwa moja ukutani kwake.

Akautazama. "Likija, linakuja kwangu au kwa wale wa nyuma?"

"Kwa wale wa nyuma, mzee. Wewe uko kona, unafikiwa hata leo."

"Kwa hiyo mimi natoa, wao wanaokoka."

"Ndiyo."

Sikutaka kumficha. Barcelona ilikata kona za vitalu vyake vipya kwa mpango wa mwaka 1859, lakini pale walichora kwenye ardhi iliyo wazi. Mimi nachora juu ya ukuta ambao mtu ameujenga tofali kwa tofali. Ana haki ya kuuliza, na ana haki ya kulipwa fidia ya ukuta huo kabla nyundo haijaugusa. Nimeliandika hilo kwenye jalada kwa mkono wangu.

Mchana ukapita hivyo. Niliporudi ofisini wenzangu walikuwa wanafunga madirisha. Miguu ilikuwa inawaka moto, na bado vipimo vya alfajiri vilihitaji kuingizwa kwenye mchoro wa mteremko, kwa sababu wahandisi wanausubiri. Nikaviingiza. Giza lilishaingia nilipogundua sijala.

Fomu ya mzee haina saini bado. Wanawe watakuwepo asubuhi. Nimeichora kona yake upya kwa skeli kubwa, na njia ya tairi imo, ili waone wote ukuta mpya utapita wapi.