Bamvua, mfunguo na mimba ya punda: siku yangu kazini Lamu

Saa kumi na moja alfajiri. Adhana ya Langoni ndiyo kengele yangu. Mwezi umeandama juzi, kwa hiyo ni bamvua, maji makubwa ya mwezi mpya: hujaa alfajiri, hukauka kabla ya adhuhuri, hurudi alasiri. Pale Mkanda, mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, ukikosa maji unakaa mchangani ukitazamana na mikoko mpaka yarudi. Nahodha keshasema: kumi na mbili na nusu, asiyekuwepo ameachwa.

Nakusanya data kwa kituo cha utafiti wa afya ya uzazi cha chuo kikuu kimoja. Wakubwa wako Mombasa na kompyuta zao. Mimi ni mtu wa hodi hodi, begani nina tableti ya kazi, fomu za ridhaa, kidau cha wino wa dole gumba na chupa ya maji.

Saa kumi na mbili na nusu. Tumeng'oa nanga. Nahodha ananichokoza kama kawaida: "Dada, hivi kuna chuo kinachofundisha kuuliza wake za watu siku zao?" Namwambia vipo, na si vya jana. Chuo Kikuu cha Ghent kule Ubelgiji kilianzisha kituo chake mwaka 1994, mwaka wa mkutano wa Cairo wa idadi ya watu. Anacheka, anaomba kiberiti.

Lakini kagusa penyewe. Swali langu gumu kuliko yote ni hilo la siku: mara ya mwisho uliona siku zako lini? Umri wa mimba wote umesimama juu ya jibu lake. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 kutimia ni njiti. Aliyezitimiza si njiti. Nikikosea wiki mbili tu, nimemgeuza mtoto wa watu kwenye takwimu.

Na nimewahi kukosea zaidi ya hapo. Wiki yangu ya kwanza mama mmoja alinijibu "wa sita", nami nikabonyeza Juni. Yeye alikuwa amesema Mfunguo Sita, yaani mwezi wa sita tangu Ramadhani kwisha, mwezi wa Maulidi, ambao mwaka ule uliangukia Septemba. Alipojifungua, mashine ikahesabu mimba ya wiki 53. Mwenzangu, Mwamu wa kuzaliwa, yaani mtu wa Lamu, akatazama kioo akasema, "Hii si ya binadamu, hii mimba ya punda." Punda hubeba kama mwaka mzima, na Lamu nzima inalijua hilo. Jina likanishika miezi.

Saa mbili na nusu. Mtangawanda, gati la kisiwa cha Pate, halafu bodaboda hadi kijiji cha Siyu. Mgongo una habari zake, tuuache.

Saa tatu. Nyumba ya kwanza. "Hodi." "Karibu, ndoo ndani, mwanangu," yaani njoo. Namshika mkono mama mkwe wa mjamzito, shikamoo, marahaba, habari za Amu, kahawa. Ukiruka haya hupati kitu, na Mombasa hawaelewi kwa nini dodoso la dakika 40 hunila zaidi ya saa nzima. Nasoma ridhaa neno kwa neno: unaweza kukataa, unaweza kuacha katikati, hakuna atakayekunyima huduma zahanati, na jina lako halipandi kwenye tableti, inapanda nambari tu.

Binti mwenye mimba anatia sahihi. Nauliza swali langu. "Siyui. Mwezi wa sita." Kijitabu chake cha kliniki kimeandikwa tarehe 1 mwezi wa sita. Siziamini tarehe mosi. Tarehe mosi mara nyingi ni ya karani aliyechoka.

Namuuliza: mfunguo gani? Hapo mkwe anadakia kutoka jikoni: "Si ile Idi ya kuchinja! Hakuswali. Tulikwenda sote, yeye kabaki na sufuria." Mwenye siku haswali, ndiyo hoja ya mkwe. Binti anaona haya, anacheka. "Siku zilianza ya pili ya Idi, mama. Ya kwanza nilibaki kwa sababu ya kichwa." Wanabishana kidogo, binti anashinda, mwenye siku ni yeye.

Ofisini husemwa kwamba wanawake wa visiwani hawakumbuki tarehe. Nakasirika kila nikisikia. Mwanamke anayejua ni lini hakuswali, na anadaiwa siku ngapi za kulipa funga, ana daftari kichwani kuliko langu. Sisi ndio tunaouliza kwa kalenda isiyo yake. Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito apigwe skani mara moja kabla ya wiki ya 24, na huyu tumemwandikia, ila skani ni safari na nauli. Idi haina nauli.

Nafungua daftari langu la mifunguo. Mimba ni siku 280, yaani miezi tisa na nusu ya mwandamo. Kutoka tarehe 11 Mfunguo Tatu, ndiyo ya pili ya Idi, nahesabu kwa vidole: inaangukia ishirini na tano, ishirini na sita ya Ramadhani. Mkwe anaacha mwiko. "Jua likizama ishirini na sita si usiku wa ishirini na saba, Lailatul Kadri?" Namwambia mama, ni makisio, watoto hawasomi kalenda. Hanisikii tena. Keshatoka kwenda kumwambia jirani.

Saa saba. Nyumba tatu zimekwisha, ya nne mama yuko shamba. Wali na samaki wa nazi kwa jirani yule yule, ambaye sasa ana habari yote.

Saa tisa na nusu. Maji yamerudi, tunapita Mkanda bila kugusa.

Saa mbili usiku. Intaneti imekubali, data imepanda. Jibu kutoka Mombasa halikukawia: tarehe niliyoweka haifanani na ya kijitabu, thibitisha. Na yule wa nne atafutwe Alhamisi. Nikamwandikia nahodha. Akajibu: "Alhamisi maji yashageuka. Beba leso, tutalala huko."