Konekta ndogo: chagua kwanza, ndipo ubane

Tangazo likisema "konekta ya JST" bila neno la ziada, usinunue bado. JST ni kampuni ya Japani yenye familia nyingi za konekta, na nyingi haziingiliani. Pini za familia ya PH zimeachana milimita 2.0, za XH milimita 2.5, na zile tunazoziita Dupont, ambazo si za JST, milimita 2.54. Hizi mbili za mwisho hudanganya macho sana. Ukipima kwa rula kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi ya kumi, XH itasoma milimita 22.5 na Dupont karibu 22.9.

XH hubeba ampea 3 kwa waya wa AWG 22, PH ampea 2 kwa AWG 24. (AWG ni kipimo cha unene wa waya: namba ikipanda, waya unazidi kuwa mwembamba.) Mota inayovuta ampea 10 itaziyeyusha, hapo weka konekta kubwa ya XT60, ambayo hulehemiwa. Na betri yenye plagi ya PH, tafadhali, ipime kwa multimita kabla ya kuichomeka: wauzaji hawakubaliani upande upi ni chanya.

Sasa kubana. Terminali, yaani kipande kidogo cha chuma kinachobanwa kwenye ncha ya waya, ina jozi mbili za mabawa: ya mbele hushika shaba tupu, ya nyuma hushika ganda la waya. Kazi nyingi huharibika hapa. Menya ganda kama milimita 2 tu. Ukimenya pungufu, mabawa ya mbele yanabana plastiki. Waya unaonekana umeshika, kumbe umeme unakuja na kupotea. Ukizidisha, mabawa ya nyuma yanakosa ganda la kushika, kila mtikisiko unaishia kwenye shaba, na nyuzi zinakatika moja moja.

Plaizi ya kawaida huponda mabawa yakalala ovyo. Koleo la kubania huyakunja kwa ndani mpaka ncha zake zizame kati ya nyuzi. Koleo la Engineer PA-09, kwa mfano, lina matundu ya milimita 1.0, 1.4, 1.6 na 1.9: shaba hubanwa kwenye tundu dogo, ganda kwenye kubwa zaidi. Anza na tundu kubwa ukishuka, na uharibu terminali tano za majaribio bila huruma.

Usipake risasi ya kulehemu kwenye nyuzi kabla ya kubana. Ni laini, hutambaa taratibu chini ya mgandamizo, na mbano unalegea. Ukiiweka baada ya kubana, hupanda ndani ya waya na kuufanya mgumu, kisha waya unakatika pale ugumu unapoishia.

Vuta kila waya kwa vidole kabla terminali haijaingia kwenye kasha la plastiki. Ikiingia sawasawa utasikia "tak". Usiposikia, kiulimi cha nyuma kimelala: kiinue kidogo kwa ncha ya sindano, usukume tena.