Skripti moja ilivyotufunza uthibiti ubora

Mara ya kwanza nilipopewa kazi ya kuwafunza wenzangu uthibiti ubora wa ndani, yaani namna chuo kinavyojipima na kujirekebisha chenyewe, nilikwenda na slaidi sabini. Nilianza na Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005 na majukumu ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, nikamalizia na mwongozo wa Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala. Yote yalikuwa sahihi. Lakini nilipopita maofisini mwezi uliofuata, mambo yalikuwa vile vile, na wahadhiri kadhaa waliniuliza kwa wasiwasi: "Hivyo ukaguzi wenyewe lini?"

Swali lile liliniuma. Niliwafundisha siku nzima, na walichobaki nacho ni hofu ya kukaguliwa.

Nilipotakiwa kurudia mafunzo Pemba, niliomba mambo mawili. Kwanza, wasiitwe wahadhiri peke yao. Waje pia karani wa mitihani, mkutubi, fundi wa maabara na tarishi. Pili, nipewe skripti moja, yaani karatasi za majibu za mwanafunzi mmoja, ya mtihani wa muhula uliopita, jina na namba ya mwanafunzi vikiwa vimefunikwa.

Asubuhi ile, Chake Chake, mvua ya masika ikinyesha, nilibandika karatasi za manila ukutani na kuinyanyua skripti ile. "Tangu mwanafunzi alipoikabidhi mpaka akaona matokeo yake, imepita mikono ya nani, na ilikaa siku ngapi kwa kila mmoja?"

Mwenye somo alisema alimaliza kusahihisha ndani ya wiki mbili. Nikaandika. Karani wa mitihani, mama mmoja mpole, akasema taratibu: "Maalim, samahani. Kwangu zilifika wiki ya tano." Akatoa kwenye mkoba daftari lake la makabidhiano, lile jeusi lenye mgongo mwekundu, akaweka kidole kwenye tarehe na saini. Ukumbi ukanyamaza.

Nilihofia watagombana. Nikauliza tu: hizi wiki tatu, skripti zilikuwa wapi? Aliyejibu ni tarishi. Zilikuwa kabatini idarani, zikimsubiri msahihishaji wa pili aliyekuwa safarini Unguja. Mhadhiri alisema kweli, na karani pia. Kilichokosekana ni utaratibu: hapakuwa na maandishi yanayosema nani ashike nafasi mtu akisafiri.

Kutoka hapo sikuhitaji slaidi. Mwongozo ule wa Afrika Mashariki unaianza kazi na tathmini binafsi ya programu, watu wa ndani wakijipima wenyewe kabla wahakiki wa nje hawajabisha hodi. Mwamba ngoma huvutia kwake, ndiyo maana kila jibu lazima liwe na ushahidi, na ushahidi wenyewe unaweza kuwa daftari la karani. Nilisema hayo kwa dakika kumi, na safari hii watu walikuwa wakiandika.

Mchana tulifungua fomu ambazo wanafunzi hujaza kutathmini somo. Zilikuwa zimefungwa kwa raba, hakuna aliyezisoma. Tulizisoma kwa sauti, na lalamiko moja likajirudia: vitendo vya maabara vilianza muhula ukielekea ukingoni. Fundi wa maabara akasema aliandika kuomba vifaa mapema na hakujibiwa. Naamini kumjazisha mwanafunzi fomu isiyosomwa ni kumvunjia heshima, na nililisema hilo mbele ya wakuu wa idara.

Tulitoka na ukurasa mmoja: jina la mbadala kwa kila msahihishaji, siku ya mwisho kwa kila hatua, na maombi ya vifaa yajibiwe kabla muhula haujafunguliwa. Kila mhadhiri aliahidi kuwaeleza wanafunzi wapya, katika kipindi cha kwanza, wenzao walilalamikia nini na nini kimerekebishwa. Hili la mwisho wengine bado wanalisahau, na mimi bado nawakumbusha.

Muhula uliofuata skripti za somo lile zilifika kwa karani wiki ya tatu. Nilipokwenda kumsalimia, alinionyesha daftari. Pembeni ya saini alikuwa amepiga mstari kwa rula na kuongeza safu mpya, akaiandika juu kwa kalamu nyekundu: "Sababu ya kuchelewa". Mistari yote chini yake ilikuwa mitupu.