Futikamba Msituni: Malengo ya Kisheria ya Matumizi ya Ardhi British Columbia

Miaka kadhaa iliyopita nilichapa mpango mmoja wa matumizi ya ardhi wa British Columbia, jimbo la magharibi kabisa mwa Kanada, nikausoma kalamu mkononi, nikipigia mstari kila sentensi iliyoahidi kulinda kitu: mto wenye samoni, malisho ya wanyamapori wakati wa baridi, mandhari ya milima inayoonekana kutoka barabarani. Nilipofika mwisho, karibu kila ukurasa ulikuwa umejaa wino. Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba sehemu kubwa ya niliyoyapigia mstari haikumfunga mtu yeyote. Mpango ulikuwa umejadiliwa kwa muda mrefu na kuidhinishwa na serikali ya jimbo, lakini ulibaki kuwa sera. Kilichomfunga mkataji wa miti kilikuwa waraka mwingine, mfupi na mkavu, wenye vifungu vichache, majedwali na ramani: amri ya waziri inayoweka malengo ya kisheria ya matumizi ya ardhi.

Tangu hapo nimekuwa msomaji wa amri hizo, na nakiri kwamba si usomaji wa kustarehesha.

Ili kuelewa kwa nini zina uzito, ni lazima kukumbuka kwamba takriban asilimia 94 ya ardhi ya jimbo hilo ni ya umma, inayosimamiwa na serikali ya jimbo kwa jina la Mfalme. Kampuni za magogo kwa kawaida hazimiliki msitu. Zina leseni ya kuvuna. Kwa hiyo swali la msitu huu ni wa kazi gani haliamuliwi na mwenye shamba akiwa barazani kwake, bali hujibiwa hadharani, mara nyingi kwa ugomvi. Katika majira ya joto ya mwaka 1993, watu zaidi ya 800 walikamatwa kwa kuziba barabara ya magogo huko Clayoquot Sound, kwenye kisiwa cha Vancouver. Miaka hiyohiyo serikali iliwaketisha pamoja wavunaji, wafugaji, wanamazingira na wenyeji ili wakubaliane kuhusu mipango ya maeneo yao, na mwaka 1995 ikaanza kutumia sheria kali ya utendaji wa misitu iliyoeleza kwa undani namna ya kufanya kazi. Kampuni zililalamikia wingi wa makaratasi. Sheria mpya ikapitishwa mwaka 2002 na kuanza kutumika Januari 2004, ikiwa na falsafa tofauti: serikali itaweka malengo, na mwenye leseni ataandika katika mpango wake wa utunzaji wa msitu ni matokeo gani atayafikia, au ni mikakati gani ataifuata, ili yaendane na malengo hayo.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Katika utaratibu wa namna hiyo, lengo ndilo linalobeba mzigo wote. Likiwa legelege, ahadi ya mwenye leseni nayo italegea, na mkaguzi atakayefika msituni miaka mitatu baadaye hatakuwa na cha kupimia.

Malengo mengine yamo katika kanuni zenyewe na yanahusu jimbo zima, na mengine huwekwa na waziri kwa eneo maalumu chini ya Sheria ya Ardhi. Yale ya kanuni ndiyo yaliyonikera kwa muda mrefu. Lengo la udongo, la makazi ya wanyamapori, la kingo za mito na la bioanuwai yote yalikuwa na kishazi kimoja kinachojirudia kama kibwagizo: yatimizwe bila kupunguza isivyostahili upatikanaji wa magogo kutoka misitu ya jimbo. Kisome tena polepole. Kishazi hicho hakikusema ulinzi na uvunaji vipimwe pamoja. Kilisema uvunaji ndiyo kizingiti, na ulinzi upite chini yake ukiweza. Tena neno "isivyostahili" halikuwa na kipimo, kwa hiyo kila upande ulikuwa na uhuru wa kulijaza maana yake. Kiliondolewa Februari 2023, baada ya takriban miaka kumi na tisa ya kazi.

Linganisha na amri iliyowekwa mwaka 2010 kwa visiwa vya Haida Gwaii, iliyotokana na makubaliano kati ya taifa la Wahaida, wenyeji wa asili wa visiwa hivyo, na serikali ya jimbo. Amri hiyo haisemi tu kwamba mierezi yenye thamani ya kitamaduni iheshimiwe. Inaeleza mwerezi mkuu ni upi: uwe mzima kwa kuonekana, kipenyo chake kwenye usawa wa kifua kizidi sentimita 100, uwe na gogo la urefu wa mita 7 au zaidi juu ya pale shina linapopanuka, na walau upande mmoja ufae kwa matumizi ya kitamaduni. Mtu anaweza kuichukua sentensi hiyo pamoja na futikamba, akaenda msituni, akarudi na jibu. Mwerezi wa namna hiyo ndio unaochongwa mtumbwi au nguzo ya ukoo, na mche uliopandwa leo utahitaji karne kadhaa kuufikia ukubwa huo. Hilo ndilo lengo la kisheria lililoandikwa na watu wanaojua wanachokitaka.

Amri ya mwaka 2016 ya Great Bear Rainforest, kwenye pwani ya kati na ya kaskazini, imejengwa kwa nia hiyohiyo ingawa kwa mizani kubwa zaidi. Eneo lote ni hekta milioni 6.4, na asilimia 85 ya msitu wake imewekwa nje ya uvunaji wa magogo. Asilimia 15 iliyobaki huvunwa kwa masharti yanayohesabu msitu mkongwe kwa kila aina ya mfumo ikolojia, si kwa jumla ya eneo.

Ninalisisitiza hilo la mwisho kwa sababu namba nayo inaweza kudanganya, na mfano wake ni amri ya msitu mkongwe ya jimbo zima iliyoanza kutumika Juni 2004. Inazo asilimia, inayo majedwali, inapimika vizuri. Hata hivyo, katika maeneo yaliyopewa kipaumbele cha chini cha bioanuwai, kiwango kiliruhusiwa kushuka kwa muda hadi theluthi moja ya lengo. Isitoshe, asilimia hizo hazikubagua kati ya bonde lenye miti minene kama nguzo za msikiti na mteremko wa juu wenye vijiti vikongwe vilivyodumaa. Vyote ni msitu mkongwe mbele ya jedwali. Mvunaji aliyebakiza vijiti na kukata majitu hakuvunja sheria.

Nitaje kwa kupita kwamba malengo haya yameandikwa kwa ajili ya shughuli za misitu. Mchimbaji wa madini katika bonde lilelile huongozwa na sheria nyingine, jambo ambalo wapiganiaji wengi wa mabonde hulitambua wakati mitambo imeshafika.

Bodi huru inayokagua utendaji wa misitu jimboni ilitoa taarifa mwaka 2015 kuhusu mipango ya utunzaji wa msitu, ikaona kwamba mingi ilikuwa na ahadi zisizopimika wala kutekelezeka kisheria. Aidha, mipango hiyo haikulazimika kumwonyesha mwananchi ni wapi hasa miti itakatwa. Alipewa siku 60 za kutoa maoni juu ya waraka uliochora mipaka mikubwa na kuacha katikati wazi. Nimewahi kuandika maoni ya namna hiyo kwa kampuni moja. Majibu yalikuwa ya adabu, na yalinieleza kwamba mpango unaendana na malengo yaliyowekwa. Ulikuwa unaendana kweli.

Marekebisho ya mwaka 2021 yanakusudia kuiondoa mipango hiyo hatua kwa hatua na kuweka mipango ya mandhari ya misitu, inayoandaliwa na serikali ikishauriana na Mataifa ya Kwanza, yaani jamii za wenyeji wa asili wa Kanada, na chini yake mipango ya uendeshaji itakayoonyesha vitalu vya kukatwa na barabara kwenye ramani. Ramani ni maendeleo makubwa. Kila mpango wa mandhari unapotoka, mimi naruka dibaji na picha za jalada, naenda moja kwa moja kwenye kurasa za matokeo yanayotakiwa kwa msitu mkongwe, kutafuta vitu viwili: namba, na aina ya msitu ambao namba hiyo inauhesabu.