Fosi isiyojaa

Papa jirani yangu hapa Ndosho, mtaa wa Goma, anaisifu fosi yake, shimo la choo, kuliko anavyowasifu watoto wake. "Miaka kumi na tano, mwalimu! Haijajaa hata siku moja. Mtu wa ndoo, yule anayekuja kuchota mashimo yaliyojaa, sijamlipa hata faranga." Wageni wakija, anawaonyesha kifuniko.

Mwaka huu nami nimepata parseli, kiwanja changu, na kazi ya kwanza ikawa choo. Asiyeijua Goma atadhani kuchimba shimo ni jembe na siku mbili. Sisi tunakaa juu ya makoro, mawe ya volkano. Vijana wawili wenye baramini (mtaimbo) na nyundo walikula wiki tatu kwa mita mbili na nusu. Wengine huchoka mapema, wakaamua kukipandisha choo juu, ndiyo maana mitaani kwetu kuna vyoo vyenye ngazi kama mimbari. Unapanda huku mtaa mzima unajua uendako.

Siku ya kumi na sita baramini ilizama ghafla, nusura imponyoke kijana. Tumekuta ufa. Fundi akafurahi kama aliyeokota dhahabu. "Una bahati, mwalimu. Acha hivi hivi, usifunge chini. Hii haitajaa milele."

Nikaenda kuchukua bidoni la lita 20, nikalimwaga lote shimoni. Kabla sijaliweka chini, maji yalikuwa yameshaondoka. Sikuyasikia hata yakilia.

Mimi nafundisha biolojia, na usiku ule usingizi ulinipaa. Fosi nzuri ni ile inayochelewesha. Uchafu mzito unatuama chini, mafuta yanaelea juu, vijidudu visivyohitaji hewa vinaula ule uchafu polepole, na maji ya katikati yanatoka kwenda kwenye shimo la pili. Hapo udongo ndio unaoimaliza kazi: unayachuja kwa siku nyingi, na vijidudu vingi vya magonjwa vinakwama na kufa. Wafaransa shimo hilo la pili wanaliita kisima cha kupoteza. Ila kwenye makoro udongo uko wapi? Kuna nyufa tu. Maji hayapotei, yanasafiri, na kwetu njia zote zinateremkia Ziwa Kivu.

Na Ziwa Kivu ndilo tunalokunywa. Mji huu hauna mabomba ya kukusanya maji machafu na kuyapeleka mahali pa kuyasafisha. Kila parseli inajitegemea na shimo lake. Asubuhi nenda Kituku, pale ufukweni, uone: bidoni za manjano majini, nyingine zikisubiri kwenye chukudu, zile baiskeli zetu za mbao za kubebea mizigo, na pale kando yupo mtu wa klorini na bomba lake la sindano, anamdungia kila mmoja kipimo chake kwenye bidoni. Namheshimu sana yule mtu. Kipindupindu kwetu si mgeni. Wanaokumbuka mwaka 1994 kwenye kambi za wakimbizi wa Rwanda hawahitaji kuelezwa. Kwa hiyo ile fosi isiyojaa ya papa jirani inajaa vizuri kabisa, ila inajazia kwenye bidoni langu. (Ndugu wa Bukavu msicheke. Ziwa ni hilo hilo.)

Nikamwambia fundi azibe ufa kwa mawe na zege, apige sakafu na kuta, agawe vyumba viwili. Shimo la pili nalo tuliwekee kokoto na mchanga mwingi, angalau maji yakutane na kitu kabla ya kukutana na jiwe. Najua halitakuwa kama udongo wa Masisi. Mama Neema alipopiga hesabu ya sementi aliniangalia kwa muda. "Papa Neema, jikoni bado tuna sakafu ya vumbi, na wewe unawatengenezea mavi sakafu?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo jiko ni vumbi.

Jumamosi papa jirani alikuja kukagua. Akainama, akagonga zege kwa fimbo, akacheka mpaka akashika kiuno. "Hii itajaa, mwalimu!"

"Ndiyo, papa. Itajaa."

Akanitazama kama mtu aliyepotelewa na akili. Jioni nikatafuta kopo tupu la maziwa, nikatumbukiza faranga za kwanza za kumlipa mtu wa ndoo.